Filamu 58 daftarini, kichwani hamna kitu

"Naishi Moshi, nina miaka 41, nina duka la pembejeo. Januari nilijiwekea changamoto ya kutazama filamu 100 kabla mwaka haujaisha, maana nilichoka kukaa kimya kila watu wakianza kuzungumzia filamu. Sasa ni mwisho wa Agosti na daftari langu lina majina 58, kila moja na nyota zake. Juzi mdogo wangu alikuja kutoka Arusha akaniuliza kuhusu Hatari!, ile filamu ya zamani iliyopigwa upande wa Momella, kule Arusha. Niliitazama mwezi wa tano, niliipa nyota nne, lakini nilichoweza kumsimulia ni kifaru na gari, basi. Nilipopitia daftari, zaidi ya nusu ya filamu sikumbuki hata zinahusu nini. Natazama kwenye simu nikiwa kitandani, kuanzia saa nne usiku watoto wakishalala mpaka saa sita na nusu, na naamka saa kumi na moja na nusu. Tangu Juni nimebaki nyuma, kwa hiyo naweka spidi ya 1.5, ambayo pia inaniokolea bando. Macho yanachoma. Mume wangu anasema napoteza muda. Je, kumbukumbu yangu ina tatizo? Niache au nimalizie? Na zile tatu nilizosinzia katikati, nizihesabu?"

Dada yangu, nianze na lile linalokutisha. Katika maelezo yako sioni dalili ya ugonjwa wa kumbukumbu. Umetazama filamu 58 usiku, umechoka, kwenye kioo kidogo, moja ikifuata nyingine, na sehemu kubwa ya hofu yako inaelezwa na sentensi hiyo. Mtu mwenye ubongo mzima kabisa akifanya hivyo atasahau. Ningeshtuka kama ungezikumbuka zote.

Kwanza, tofautisha kukumbuka na kutambua. Kukumbuka ni kulitoa jambo kichwani bila msaada, kama ulivyotakiwa na mdogo wako. Kutambua ni kuliona tena na kusema, "ah, hili nalijua." La pili ni rahisi mno kuliko la kwanza. Fanya jaribio hili Jumamosi: chukua filamu moja ambayo daftarini imebaki jina tu, fungua dakika tatu za katikati, si za mwanzo. Ukiona unajua huyu ni nani na anagombana na yule kwa nini, basi filamu imo kichwani; kilichokosekana ni njia ya kuifikia. Wengi wakifanya jaribio hili hushangaa kuona ni kiasi gani kimebaki.

Njia hiyo haijijengi yenyewe. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea katika saa na siku za mwanzo kabisa, halafu mteremko unapungua ukali. Filamu ina maana kuliko silabi, hivyo hushika zaidi, lakini umbo la mteremko ni lile lile. Kinachouzuia ni kitendo cha kulitoa jambo kichwani mapema, kabla halijapotea. Wewe filamu ikiisha unaandika nyota, unazima simu, unalala. Kesho yake inaingia nyingine na kukalia nafasi ile ile. Zikiwa zinafanana, tuseme filamu nne za mapigano ndani ya wiki moja, zinachanganyika kabisa: sura ya huyu inahamia kwenye kisa cha yule.

Sasa turudi kwenye Hatari!, maana nadhani umejihukumu vibaya. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1962, iliongozwa na Howard Hawks, na ina dakika 157. Ukiianza saa nne kamili usiku, inaisha saa sita na dakika 37. Inahusu kundi la watu wanaokamata wanyama pori kwa ajili ya bustani za wanyama, na imejengwa kwa vipande: wanafukuza mnyama, wanarudi nyumbani, wanakunywa na kutaniana, kesho wanafukuza mwingine. Ukichomoa kipande kimoja cha katikati, vilivyobaki havianguki. Na kumbukumbu ya hadithi hushikilia sababu: hili lilitokea kwa sababu ya lile, kwa hiyo likaja hili. Tukio lisilo sababu ya kitu wala tokeo la kitu hutoka kwanza. Kifaru ndiye anayefungua filamu, anamjeruhi mmoja wao, kisha anabaki kuwa mkosi ambao kundi zima linaukwepa mpaka mwishoni wanapomrudia. Yaani katika dakika 157 umeshika kamba ndefu kuliko zote. Si haba. Ulichopoteza ni shanga, na shanga za filamu hiyo zimelegea tangu zilipotungwa.

Ndiyo maana nasema tatizo liko kwenye masharti ya mchezo wako kuliko kwenye kichwa chako. Umehesabu filamu kuwa imeisha pale majina yanapoanza kupanda kwenye kioo. Kwa mtu anayetaka kuzungumza na watu kuhusu filamu, na hilo ndilo lililokuanzisha, dakika kumi zinazofuata ni sehemu ya filamu. Wewe umezikata mara 58.

Spidi ya 1.5 nayo tuiseme wazi. Kwanza, haiokoi bando. Faili ni lile lile. Simu inalipakua lote, inalicheza haraka tu. Filamu ya dakika 110 kwa ubora wa kawaida wa mistari 480 (480p) hula takriban GB 1.3 ukiitazama kwa dakika 110 au kwa 73. Kinachoamua matumizi ni ubora wa picha: ubora wa kawaida ni kama MB 700 kwa saa, wa juu unaweza kufika GB 3 kwa saa, na kwenye kioo cha inchi sita tofauti yake huioni vizuri. Usiache programu ijichagulie. Ingia kwenye mipangilio, weka ubora wa kawaida mwenyewe, pakua kwa bando la usiku, tazama kesho bila intaneti. Kwa filamu 42 zilizobaki hiyo ni tofauti kati ya GB 55 hivi na GB 230.

Pili, spidi inaharibu kitu ambacho hakionekani. Ni kweli watu husikiliza mihadhara kwa 1.5 na kuelewa, kwa sababu kwenye mhadhara kimya ni mapengo tu. Kwenye filamu kimya kimepimwa. Mama ameambiwa habari mbaya, kamera inabaki usoni mwake sekunde sita kabla hajajibu. Mhariri alikaa akajaribu nne, tano, saba, akachagua sita. Kwa spidi ya 1.5 umempa mama huyo sekunde nne, na sekunde mbili ulizomnyang'anya ndizo ambazo wewe ungezitumia kujiuliza atasema nini. Kujiuliza huko ndiko kunakochimba kumbukumbu. Filamu uliyoitazama haraka unaielewa, lakini haikupi nafasi ya kuingia ndani. Kama kipande kinakuchosha, afadhali uiache filamu kuliko kuikimbiza.

Kuhusu usingizi nitakuwa mkali kidogo. Kutoka saa sita na nusu mpaka saa kumi na moja na nusu ni saa tano, na hapo nimehesabu kwamba unalala papo hapo. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Ubongo hupanga na kuimarisha yale ya mchana wakati umelala, hivyo unakata ule ule muda ambao filamu ingehifadhiwa. Tena unachukua filamu wakati umakini umeshashuka. Hesabu ya saa ukiifanya kwa wiki itakushangaza: filamu 42 za dakika 110 ni saa 77, na kutoka Septemba Mosi hadi Desemba 31 kuna siku 122. Ni saa nne na nusu hivi kwa wiki. Wapo wanaotumia zaidi ya hizo kwenye makundi ya WhatsApp. Muda unao, umeuweka mahali pabaya.

Macho. Giza haliharibu macho, na mwanga wa simu haukupofushi. Hayo ni maneno yaliyozoeleka tu. Kinachochoma ni ukavu. Mtu akikodolea kioo, kope hupepesa mara chache kuliko kawaida, machozi yanakauka juu ya jicho, na msimu wa vumbi hapo Moshi unaongezea. Dawa yake ni ya bure: kila dakika 20 inua macho uangalie kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20, upepese kwa makusudi. Punguza mwangaza wa simu, washa taa ndogo nyuma yako, na usitazame ukiwa umelala ubavu, kwa sababu jicho moja linakuwa karibu na kioo kuliko jingine na yote mawili yanahangaika. Simu ikae sentimita 40 kutoka usoni, si kumi na tano.

Kuna jambo jingine, kwa kuwa una miaka 41. Karibu na umri huo lenzi ya jicho huanza kupoteza unyumbufu na vitu vya karibu vinakuwa vigumu. Ukiwa dukani ukisoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa ya mifugo, unaisogeza mbali? Kama ndiyo, unahitaji miwani ya kusomea, na hapo si suala la filamu tena. Kapimwe. Usinunue dawa ya matone kwa kuelekezwa na jirani: baadhi ya matone yana steroidi, yanatuliza wekundu haraka sana na huku yanaweza kupandisha presha ndani ya jicho bila wewe kuhisi. Hospitali ya KCMC hapo hapo Moshi ina idara ya macho. Nenda bila kuchelewa ukiona miali ya mwanga, jicho moja likififia ghafla, maumivu makali yenye kichefuchefu, au wekundu usioisha kwa siku kadhaa.

Kama nyumbani kuna TV, hamia huko. Filamu pana za sinema, zile zinazoacha ukanda mweusi juu na chini, kwenye simu yenye urefu wa sentimita 15 zinakupa picha ya sentimita sita tu kwenda juu. Mtu akisimama mbali, uso wake ni punje ya mchele. Filamu za ndani ya nyumba, zenye nyuso karibu, simu inazimudu. Za nyika, vita na safari haziwezi.

Na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo niende polepole. Ukihamisha filamu kwa flashi na kompyuta ikakataa wakati flashi ina nafasi tele, huenda imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Tafuta faili dogo zaidi, au fomati flashi kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo, lakini angalia kwanza kama TV yako inaisoma. TV nyingi za zamani hazisomi. Ukipata picha bila sauti, TV haina uwezo wa kufungua aina ya sauti iliyomo kwenye faili. Unganisha kompyuta kwa waya wa HDMI, na tatizo linaisha. Ukisikia muziki unapasua masikio lakini watu wakizungumza wananong'ona, faili lina sauti ya spika sita na TV yako ina mbili: maneno yalipangiwa spika ya katikati ambayo huna. Ingia kwenye menyu ya sauti, chagua sauti ya kawaida ya njia mbili, yaani stirio. Na kama filamu kwenye TV inaonekana nyororo mno, kama tamthilia ya mchana, TV inaongeza picha ambazo hazikuwepo. Filamu hupigwa kwa picha 24 kila sekunde. Zima ulainishaji wa mwendo kwenye mipangilio ya picha. Watengenezaji huuwasha kiwandani, sijui wanamfurahisha nani.

Maandishi ya chini yakichelewa au kuwahi, kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ukitumia kompyuta ya Windows bonyeza H kuyachelewesha na G kuyawahisha, milisekunde 50 kila mbonyezo. Kusoma maandishi kunakula umakini wa macho, hivyo filamu ya lugha usiyoijua usiiweke siku uliyofanya mahesabu ya duka mpaka jioni.

Sasa zile nyota. Nyota nne ulizoipa Hatari! zilikuwa hisia ya dakika ile. Miezi mitatu baadaye haziwezi kukurudisha popote, kwa sababu hazina kitu cha kushika. Badala yake andika mistari mitano, filamu ikiisha tu, bila kurudi kuangalia na bila kusoma muhtasari wa mtu mwingine. Mstari wa kwanza: nani anataka nini na nini kinamzuia. Wa pili: picha moja. Wa tatu: sauti moja. Wa nne: pale ulipochoka au kukereka. Wa tano: inaishaje. Usiandike huku unatazama, maana kila ukiinama daftarini unakosa kitu. Wala usizidishe mistari mitano. Anayeanza na kurasa mbili huacha kuandika kwenye filamu ya tatu.

Nikuonyeshe kwa filamu fupi, Borom Sarret ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1963, kama dakika 20 tu. Moja: mwenye mkokoteni wa farasi huko Dakar anatafuta riziki ya siku, anazuiwa na wateja wasiolipa, kisha na polisi anayemchukulia mkokoteni kwa kuingia mtaa wa wakubwa. Mbili: nishani yake imeanguka chini, buti la polisi limeikanyaga. Tatu: maneno yake yanasikika kama mawazo, mdomo hausemi. Nne: nimekereka alipompa mwimbaji wa sifa pesa yake yote, na njaa nyumbani anaijua. Tano: anarudi mikono mitupu, mkewe anamwachia mtoto na kutoka, akisema leo watakula. Inachukua dakika sita kuandika. Mwezi ujao ukisoma mstari wa pili peke yake, filamu yote inafunguka. Na mstari wa nne usiuonee aibu: kukereka ndiko kunakozaa mazungumzo. "Nimeipenda" ikishasemwa, mwenzako hana la kujibu.

Kesho yake, ukiwa kwenye daladala au unafungua duka, isimulie kichwani kwa dakika mbili bila daftari. Baada ya wiki, mara moja tena. Ukiweza kumsimulia mtu kwa sauti ni bora zaidi, kwa kuwa msikilizaji atakuuliza "halafu?" na "kwa nini?", na hapo ndipo utajua umeshika nini.

Chagua pia kwa mafungu. Filamu zilizookotwa moja moja hazisaidiani. Chukua tatu au nne zenye uhusiano: za mwongozaji mmoja, za nchi moja, au zinazozungumzia jambo moja kwa njia tofauti, mathalani mtu wa shamba anayeingia mjini. Ukiona ya pili, ya kwanza inakujia yenyewe kwa sababu unazilinganisha. Ila usizifululize siku tatu mfululizo. Acha siku mbili tatu katikati. Na rudia. Katika kila filamu sita, moja iwe uliyokwisha kuiona. Mara ya kwanza unafuata nini kitatokea. Mara ya pili unaona imetengenezwaje. Hatari! ningeiweka hapo, vipande viwili kwa jioni mbili, na swali moja tu mkononi: katika watu wote wanaoonekana kwenye ardhi yetu hii, nani anapewa jina na maneno ya kusema, na nani anapita nyuma tu? Ukiwa na jibu la hilo, mdogo wako mtakesha naye.

Tuje kwenye uamuzi wenyewe. Una njia nne. Ya kwanza ni kufikisha 100: filamu mbili na nusu kwa wiki, karibu moja kila siku tatu. Inawezekana, kama nilivyohesabu, lakini pamoja na mistari mitano na wiki moja ya malaria au ya msimu wa mbegu, utarudi kwenye spidi. Ya pili ni kuongeza muda mpaka Juni mwakani. Inaonekana ya busara, ila changamoto inayosogezwa mara moja husogezwa tena. Ya tatu ni kuacha kabisa. Hiyo haina aibu, lakini ungeacha na majina 58 yaliyolala, na kazi umekwisha kuifanya nusu. Mimi ningekushauri ya nne: funga hesabu ya changamoto ya 100 hapo ulipofika, panga 24 hadi Desemba, 20 mpya na nne za kurudia. Hiyo ni saa mbili na nusu kwa wiki. Ijumaa moja kwenye TV saa mbili usiku, na Jumapili mchana mara moja moja. Kitandani, hapana.

Nisikubeze, namba 100 ilikuwa na faida. Ilikufikisha kwenye filamu ya mwaka 1962 ambayo bila daftari usingeigusa, na pengine ilikutoa kwenye mazoea ya kutazama aina moja. Namba ni nzuri kwa kuanzisha safari. Inaharibika pale unapochagua filamu fupi ili uhesabu haraka, au ukishindwa kuacha filamu mbovu kwa sababu umeshawekeza dakika arobaini. Weka ruhusa ya kuacha: ukifika dakika ya 30 na hujali litakalompata yeyote, zima, andika sababu kwa mstari mmoja kwenye ukurasa wa nyuma. Zipo filamu zinazofunguka taratibu na utazikosa kwa sheria hiyo, najua. Ukurasa wa nyuma ndio utakaokukumbusha kuzijaribu tena mwaka mwingine.

Mume wako ana hoja, ingawa ameisema vibaya. Kinachomuuma huenda si muda. Ni kwamba kila usiku kuanzia saa nne uko naye chumbani na haupo. Mpe kura: filamu moja katika kila nne achague yeye, hata kama ni ya ngumi, hata kama ni ya kutafsiriwa kama zile za kibanda umiza, banda la video la mtaani. Mkitazama pamoja mna mtu wa kubishana naye hapo hapo, na ubishi huo unafanya kazi ya ule mstari wa nne.

Kuna hali ambazo daftari na ratiba haziwezi kuzitibu. Ukisahau na mambo mengine, mathalani umeacha jiko linawaka zaidi ya mara moja, umerudia kumlipa msambazaji aliyekwisha kulipwa, au watu wa nyumbani wanakuambia unauliza swali lile lile, nenda hospitali upimwe. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, baadhi ya dawa na msongo wa mawazo vyote huvuruga kumbukumbu, na vingi vinatibika. Vivyo hivyo ukirudisha usingizi wa saa saba kwa wiki tatu na bado kichwa ni kizito. Na jiulize kwa ukweli usiku unatazama kwa nini. Kama simu ikizimwa yanakuja mawazo usiyotaka kuyasikia, au ukikosa filamu unahangaika, zungumza na daktari au mshauri nasaha ana kwa ana.

Zimebaki zile tatu ulizosinzia. Kama usingizi ulikuchukua kabla ya nusu, ifute. Kama ulikosa dakika za mwisho tu, rudi nyuma dakika kumi kutoka pale unapopakumbuka, imalizie kwa spidi ya kawaida, andika mistari mitano, ibaki. Siku zijazo, macho yakifumba mara ya pili, simamisha, andika dakika uliyofikia, ukalale. Kwa hiyo kabla ya kupanga hizo 24, shika kalamu kwanza ujue kama una 58 au 55.